Hesabu Inayochagua Wimbo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, habari za wimbo mzuri zimesafiri kwa muda mrefu kwa mdomo wa mtu na kwa redio. Mwaka 1995 shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi waliokuwa makambini pamoja na wenyeji waliowapokea. Wimbo uliosikika redioni ulikuwa umechaguliwa na mtangazaji. Siku hizi ipo njia nyingine, yaani programu za kutiririsha muziki kwa intaneti. Mojawapo, Spotify, iliasisiwa nchini Uswidi mwaka 2006 na kufunguliwa kwa wasikilizaji wa Tanzania mwaka 2021. Katika programu za namna hii, wimbo unaofuata mara nyingi huchaguliwa kwa hesabu. Hapana budi mwalimu na mwanafunzi waelewe jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, na mahali inaposhindwa.

Muziki wa nyimbo ndefu

Mfano unaofaa ni muziki uitwao roki ya progresivu, uliositawi Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Vikundi kama King Crimson, Yes, Genesis na Pink Floyd viliachana na desturi ya wimbo wa dakika tatu. Viliunganisha sehemu nyingi katika wimbo mmoja, vikabadili mapigo katikati, na vikaazima mbinu za muziki wa okestra. Wimbo "Echoes" wa Pink Floyd, uliotolewa mwaka 1971, una urefu wa dakika 23 na nusu na ulijaza upande mzima wa sahani ya santuri. Katika wimbo "Money" wa mwaka 1973, kikundi hichohicho kilitumia mapigo saba badala ya manne yaliyozoeleka.

Afrika Mashariki nayo ina uhusiano na mkondo huo. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alitunga "Bohemian Rhapsody", wimbo ambao kikundi cha Queen kiliutoa mwaka 1975. Wimbo huo wa karibu dakika sita hauna kiitikio. Huanza kwa upole, ukaingia katika uimbaji wa opera, kisha ukalipuka kwa magitaa.

Wala mkoa wa Kagera si mgeni wa nyimbo ndefu. Wahaya walikuwa na watambaji walioimba tendi za mashujaa wakipiga enanga, ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa kama hori. M. M. Mulokozi alizichunguza tendi hizo katika tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Ng'ambo ya mpaka wa Ngara, nchini Burundi na Rwanda, ala ya jamii hiyo huitwa inanga.

Gharama ya kusikiliza

Sauti katika sahani ya CD huandikwa kwa biti 1,411,200 kila sekunde. Kiasi hicho ni kikubwa mno kwa mtandao wa simu ulio dhaifu. Kwa hiyo sauti hubanwa kabla ya kutumwa: zile sehemu ambazo sikio haliwezi kuzitambua, kwa kuwa zimefunikwa na sauti kubwa zaidi, huondolewa. Zikibaki biti 96,000 kwa sekunde, mzigo umepungua karibu mara 15.

Kwa kuwa baiti moja ni biti nane, dakika moja ya muziki uliobanwa hivyo hutumia baiti 720,000, yaani megabaiti 0.72. "Echoes" itahitaji takribani megabaiti 17. Anayenunua kifurushi kidogo cha intaneti huona uzito wa pendekezo baya: wimbo mrefu asioupenda umekula sehemu ya fedha zake. Programu ikiruhusu kuuhifadhi wimbo ndani ya simu, kuurudia baadaye hakugharimu kitu.

Jinsi mashine inavyopendekeza

Kanuni moja inayotumiwa sana haihitaji mashine ijue chochote kuhusu magitaa wala mapigo. Inahesabu watu tu. Chukulia kwamba wimbo A umesikilizwa na watu 40, wimbo B na watu 50, na kwamba watu 30 wamesikiliza zote mbili. Jumla ya watu waliosikiliza angalau mmoja ni 40 + 50 − 30, yaani 60. Ukaribu wa nyimbo hizo ni 30 ÷ 60, yaani 0.5. Msikilizaji mpya wa A atapendekezewa B.

Sasa chukulia utenzi wa enanga, ambao umesikilizwa na watu wawili tu, mmoja wao akiwa pia msikilizaji wa wimbo A. Ukaribu ni 1 ÷ 41, yaani karibu 0.02. Mashine itaupita utenzi huo, hata kama kila apendaye nyimbo ndefu angeufurahia. Tena, kwa kuwa hauonyeshwi, hausikilizwi. Na kwa kuwa hausikilizwi, hesabu yake haikui. Wimbo ambao haukurekodiwa kabisa haumo hata katika orodha ya sifuri.

Hasara hapa ni kubwa kuliko kukosa burudani. Nyimbo za Kihangaza, Kishubi na Kisubi zina wasemaji wachache zikilinganishwa na lugha kubwa za dunia. Kijana akiachia hesabu peke yake kazi ya kuchagua, ataujua muziki wa London kabla ya kuujua wa babu yake.

Kazi ya darasani

Pendekezo la mtu lina jambo ambalo hesabu hii haina, nalo ni sababu. Anayempendekezea mwenzake wimbo wa dakika 20 hufaa ataje urefu wake, aeleze umegawanyika katika sehemu ngapi, na aonyeshe jambo la kusikiliza: mapigo yanabadilika wapi, ala gani inaingia, sauti ya mwimbaji inafanya nini. Kwa njia hiyo msikilizaji mmoja tu anatosha kuufikisha wimbo kwa mwingine.

Zoezi lifuatalo halihitaji simu wala umeme. Mwalimu aandike ubaoni nyimbo kumi, zikiwemo za mbali na za nyumbani. Kila mwanafunzi aweke alama kwenye zile anazozijua. Kisha darasa likokotoe ukaribu wa kila jozi kwa kanuni iliyotajwa. Yaelekea wimbo wa nyumbani utapata namba ndogo. Hapo mwanafunzi anayeujua, hata akiwa mmoja, asimame na kuwaeleza wenzake unavyokwenda, na akiweza awaimbie. Hesabu irudiwe wiki inayofuata, ili darasa lione ni kwa kiasi gani neno la mtu mmoja limeibadili.