Unapokunywa Juisi Tu, Kinachopungua ni Nini?

Leo nataka tuongee kuhusu jambo ambalo naulizwa mara nyingi kliniki, hasa na akina mama waliojifungua miezi michache iliyopita. Ni hii habari ya kunywa juisi tu, siku tatu, siku saba, wengine hata siku kumi, bila kutia chakula kinywani, ili uzani upungue.

Nianze na mama mmoja. Sitamtaja jina. Alikuja kliniki na mtoto wake wa miezi minne kupimwa uzani. Nilipofungua kitabu cha kliniki nikaona kwamba mstari wa mtoto, ambao ulikuwa ukipanda vizuri tangu azaliwe, sasa umelala. Nikamuuliza, mtoto ananyonya? Akasema ananyonya sana, usiku kucha haachi titi, lakini ni kama hashibi. Nikamwangalia mama mwenyewe. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, na aliposimama alishika meza kwanza. Nikamuuliza, mama, leo umekula nini? Akainamisha kichwa. Akasema, "Sista, niko siku ya tisa ya juisi."

Harusi ya mdogo wake ilikuwa inakaribia na nguo aliyoshonewa haikufunga kiunoni. Jirani akamwelekeza kwa mtu anayeuza juisi kwenye chupa: bitiruti, karoti, tufaha, tangawizi na ndimu. Chupa sita kwa siku. Aliambiwa itamwosha sumu na kuyeyusha mafuta. Na kwa kweli uzani ulikuwa umepungua kilo 4, aliniambia hayo kwa fahari kidogo hata akiwa katika hali ile. Sikumlaumu. Mizani ilikuwa imemwambia anafaulu.

Lakini hebu tuulize, hizo kilo 4 zilikuwa kilo za nini?

Mwili wako una ghala. Sehemu ya chakula unachokula, kama ugali, viazi au chapati, huwekwa akiba kwenye ini na kwenye misuli kwa namna ya wanga unaoitwa glaikojeni. Mtu mzima hubeba karibu nusu kilo ya akiba hiyo. Sasa sikiliza vizuri hapa: kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na karibu gramu 3 za maji. Unapopunguza chakula ghafla, mwili hufungua ghala na kuitumia ile akiba, na maji yaliyoshikana nayo hayana pa kukaa tena. Yanatoka. Ndiyo maana siku za mwanzo unakwenda haja ndogo kila mara na asubuhi mizani inakufurahisha. Ongeza na tumbo ambalo sasa halina chakula ndani yake. Kilo 2 zinaweza kuondoka hivyo, na mafuta ya kiunoni bado hayajaguswa ila kidogo tu. Siku utakayokula ugali wako wa kawaida, ghala linajaa, maji yanarudi, na kilo zinarudi. Si kwamba umekosa nidhamu. Ni ghala limejaa.

Kitu cha pili kinachopungua ni nyama ya mwili wako mwenyewe, yaani misuli. Mwili unahitaji protini kila siku, na juisi ya matunda karibu haina. Glasi sita za juisi ya machungwa zina kama gramu 10 tu za protini, na mama anayenyonyesha anahitaji zaidi ya gramu 60 kwa siku. Zinazobaki zitatoka wapi? Mwili unazikata kwenye misuli, kama mtu aliyeishiwa kuni akaanza kuvunja viti vya nyumba. Misuli ndiyo inayochoma chakula hata ukiwa umelala. Ukimaliza juma la juisi una misuli kidogo kuliko ulivyoanza, kwa hivyo chakula kilekile cha zamani sasa kitakunenepesha kwa urahisi zaidi.

Kuhusu hiyo "sumu", nilimuuliza yule mama, je, muuzaji alikuambia ni sumu gani? Hakujua. Mwenyezi Mungu ametupa ini, ambalo kazi yake ni kuvunja vitu vibaya vinavyoingia mwilini, na figo mbili ambazo huchuja karibu lita 180 za majimaji ya damu kila siku, usiku na mchana, bila malipo. Wala bitiruti si sabuni. Ukiona mkojo au choo kimekuwa chekundu baada ya kuinywa, hiyo ni rangi ya bitiruti tu.

Na sukari je? Wengi wetu tunafikiri sukari mbaya ni ile ya kwenye soda. Chukua machungwa matatu au manne, uyakamue. Umepata glasi moja yenye karibu vijiko vitano vya chai vya sukari. Ungekuwa unayala yale machungwa kwa kutafuna, baada ya mawili ungeshiba, kwa sababu ya nyuzinyuzi ambazo juisi inaziacha kwenye kichujio. Tunatupa makapi tukidhani ni taka, kumbe ndiyo yaliyokuwa yakiizuia sukari isiingie mwilini kwa kasi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ile tunayotia kwenye chai. Kwa mtu mzima wa kawaida, isizidi vijiko 12 vya chai kwa siku, na ikiwezekana isizidi 6. Glasi sita za juisi ya machungwa zina kama vijiko 30.

Kwa mwenye kisukari, hapa pana hatari ya pande mbili. Akinywa juisi, sukari inapanda haraka. Na kama anatumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, na hali chakula, saa chache baadaye inaweza kushuka hadi akazimia. Mama, kama mama mkwe wako ana kisukari na amesikia juisi ya karoti inaponya, usinyamaze kwa heshima. Mwambie kwa upole mwende pamoja mkamwone daktari kwanza.

Sasa nirudi kwa mama anayenyonyesha, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kutengeneza maziwa ni kazi kubwa. Kunahitaji karibu kalori 500 za ziada kila siku, na ndiyo sababu kliniki tunakuambia uongeze milo midogo miwili juu ya ile ya kawaida. Mama wa juisi anapata kalori 600 au 700 kwa siku nzima, wakati yeye na mtoto kwa pamoja wanahitaji zaidi ya 2,000. Sitaki kukutisha kwa uongo: maziwa hayakauki kwa siku moja. Mwili wa mama ni wa ajabu, humpa mtoto kwanza na kumnyima mama. Huchota madini ya kalsiamu kwenye mifupa yako na kukuacha na kizunguzungu na uchovu. Lakini njaa ikiwa kali na ya siku nyingi, maziwa nayo yanaweza kupungua. Na yako mambo, kama vitamini B12 na madini ya joto, ambayo yakikosekana kwako yanapungua hata ndani ya maziwa yenyewe. Mtoto wa chini ya miezi 6 hana chakula kingine. Ukifunga wewe, na yeye amefunga, tena bila kuulizwa.

Mama wengine huona kwamba kwa kuwa juisi ni kitu cha asili, na mtoto aonje kijiko. Tafadhali, hapana. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Akianza kula, mpondee embe, papai au ndizi ale tunda lenyewe. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa ushauri mwaka 2017 kwamba mtoto asipewe juisi kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja, isipokuwa daktari ameona haja. Juisi hujaza tumbo dogo, na uji wa wimbi na omena hukosa nafasi.

Mtu atasema, lakini sista, mbona watu mashuhuri hufanya hivyo na wanapendeza? Ni kweli. Mnamo Novemba 1988, Oprah Winfrey, mtangazaji wa televisheni tunayemjua wote, alijitokeza mbele ya watazamaji akivuta kigari kilichojaa mafuta ya wanyama, pauni 67, karibu kilo 30. Ndio uzani aliokuwa amepunguza kwa miezi kadhaa ya kunywa chakula cha majimaji bila kutafuna kitu. Watu walipiga makofi. Lakini yeye mwenyewe ameeleza baadaye, zaidi ya mara moja, kwamba uzani ulianza kurudi karibu mara tu alipoanza kula. Huyu ni mtu mwenye fedha, wapishi na madaktari wake. Sisi tunaotoka kazini kwa matatu na kupika na mtoto mgongoni tusijilaumu sana.

Na hiyo ilikuwa afadhali. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, mwaka 1976, kule kule Marekani, kulitoka kitabu kilichowavuta watu wengi wanywe majimaji ya protini yaliyotengenezwa kwa ngozi na mabaki mengine ya wanyama, badala ya chakula. Baadaye serikali yao ilipokea ripoti za vifo zaidi ya 50. Wengine walikuwa wanawake ambao hawakuwa na ugonjwa mwingine ila unene, na mioyo yao ilisimama. Moyo nao ni msuli.

Ni haki niseme pia upande wa pili. Ipo lishe ya majimaji ambayo ni matibabu. Huko Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari cha ukubwani waliopewa vinywaji maalumu kwa miezi 3 hadi 5 walirudi kwenye sukari ya kawaida baada ya mwaka mmoja, bila dawa. Lakini vinywaji vile havikuwa juisi. Vilipimwa protini, vitamini na madini. Wagonjwa walifuatiliwa kliniki, na kurudi kwenye chakula kulifanywa polepole kwa majuma kadhaa. Na mama wajawazito hawakuingizwa. Ukisikia mtu sokoni akisema "hata Uingereza wanafanya," mwulize yuko wapi daktari wake.

Sasa wewe unataka kupungua, na ni haki yako. Kwanza jipe muda. Ulipojifungua uliacha pale hospitalini kama kilo 5 au 6, mtoto, kondo na maji. Mfuko wa uzazi huchukua karibu majuma 6 kurudi udogo wake, kwa hivyo tumbo la mwezi wa kwanza si kitambi, ni uzazi. Baada ya hapo, kupungua nusu kilo kwa juma kunatosha. Kunaonekana kidogo, lakini kwa miezi mitatu ni kilo 6, na hizo ni za mafuta kweli.

Njia yenyewe haina maajabu. Mama huyu niliyemsimulia nilimuuliza anakunywa chai ngapi kwa siku kabla ya juisi. Vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na mandazi mawili asubuhi. Basi tulianzia hapo. Kijiko kimoja kwa kikombe, mandazi tukayabadilisha na yai na nduma. Ugali usizidi ukubwa wa ngumi zake mbili ndogo, sahani iliyobaki ijae sukuma wiki au terere, na maharagwe, ndengu au omena pembeni. Mafuta ya kupikia kwa kijiko, si kwa kumimina. Jioni amfunge mtoto mgongoni atembee nusu saa. Kama unapenda juisi, kunywa glasi moja ndogo pamoja na chakula, usiichuje, usiongeze sukari, na maji yawe yamechemshwa. Tulipopatwa na kipindupindu kuanzia Oktoba 2022, tulikumbushwa tena umuhimu wa kuchemsha maji.

Na kama tayari uko siku ya tatu au ya tano ya juisi sasa hivi unaponisikiliza, kula leo. Anza na uji, ndizi, yai, kisha chakula cha kawaida. Ukihisi moyo unadunda ovyo, umezimia, au mkojo umekuwa mchache na mweusi, nenda kituo cha afya leo hii. Kwa mtoto, hesabu nepi: baada ya juma la kwanza la maisha, mtoto anayeshiba hulowesha sita au zaidi kwa siku.

Yule mama alirudi baada ya juma moja. Kilo 3 kati ya zile 4 zilikuwa zimerudi, na aliniambia hivyo akicheka. Mtoto alikuwa ameongeza gramu 210. Nguo ya harusi fundi aliilegeza kiunoni kwa shilingi 200.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu upungufu wa damu kwa mama mjamzito. Kwaherini.