Neno la Siri Linaposahaulika

Katika shule na ofisi nyingi siku hizi husikika malalamiko ya namna moja. Mtu ameandika neno lake la siri, amekataliwa. Ameandika jingine, amekataliwa tena. Na baada ya majaribio kadhaa akaunti yake imefungwa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba wale wanaotunza akaunti hizo hawamtajii mwenyewe neno alilolisahau, bali humtaka atunge jipya. Wapo wanaodhani kwamba huo ni urasimu tu. Ukweli ni kwamba watunzaji wenyewe hawalijui neno hilo, na mfumo uliojengwa vizuri hauna njia ya kulijua. Makala haya yanaeleza kwa nini mambo yakawa hivyo, na kwa nini njia ya kurudishiwa akaunti yahitaji kulindwa sawasawa na neno la siri lenyewe.

Faili lililosomwa na watu wote

Mwaka 1961, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Mfumo huo uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu fupi mno, hata kila mmoja akaona kana kwamba mashine ni yake peke yake. Kwa kuwa kazi za wote zilikaa mahali pamoja, kila mtumiaji alipewa neno la siri la kulinda zilizo zake.

Maneno hayo yote yaliwekwa katika faili moja, yakiwa wazi kama yalivyoandikwa. Udhaifu wake haukuchelewa kuonekana. Mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi wa kutumia mashine kuliko aliogawiwa, aliiagiza kompyuta ichapishe faili hilo, nayo ikamchapia. Mwaka 1966 hitilafu katika programu ilibadilishana faili la maneno ya siri na faili la tangazo la siku. Hivyo kila aliyeingia katika mfumo alionyeshwa maneno ya siri ya watumiaji wote badala ya tangazo.

Funzo lilikuwa dhahiri. Maadamu orodha ya maneno ya siri ipo, iko siku itasomwa na asiyestahili. Dawa ya kweli ilikuwa kutokuwa na orodha hiyo kabisa.

Kanuni ya njia moja

Lakini kompyuta itamtambuaje mtu ikiwa hailijui neno lake? Jibu lilipatikana katika miaka ya 1960 huko Cambridge, Uingereza, ambako Roger Needham na Michael Guy, waliokuwa wakifanya kazi na kompyuta iliyoitwa Titan, walitumia kanuni ya hisabati iliyo rahisi kuifuata kwenda mbele na ngumu mno kuirudisha nyuma.

Mfano mdogo waweza kufanywa darasani. Mwanafunzi na achague namba ya siri yenye tarakimu nne, tuseme 4729. Aizidishe kwa yenyewe; atapata 22,363,441. Kisha aondoe tarakimu mbili za mwanzo na mbili za mwisho, abakize nne za katikati: 3634. Mwalimu aandike 3634 tu katika daftari. Kesho mwanafunzi akiitaja namba yake, mwalimu atarudia hesabu ileile, na jibu likiwa 3634 atajua kwamba mwanafunzi ni yule yule. Mtu akiiba daftari atakuta 3634, ambayo peke yake haimwonyeshi namba iliyoizaa; na akiipeleka kwa mwalimu kana kwamba ndiyo namba ya siri, hesabu itatoa jibu jingine kabisa.

Hivyo ndivyo zifanyavyo kompyuta, ila kwa kanuni ngumu zaidi. Kinachohifadhiwa si neno la siri, bali ni chapa yake. Mtu anaposahau neno lake, kompyuta huwa imebaki na chapa tu, na kutoka katika chapa haiwezi kurudi kwenye neno. Ndiyo maana haimkumbushi. Kinyume chake pia ni kweli: mfumo ukimpelekea mtu neno lile lile alilolisahau, hiyo ni ishara kwamba umelihifadhi kwa namna inayosomeka. Mtu huyo hana budi kuacha kulitumia neno hilo mahali pengine popote.

Mwizi hageuzi hesabu, hubahatisha

Mfano wa darasani una kasoro ambayo wanafunzi hodari wataigundua mara moja. Namba za tarakimu nne ni 10,000 tu. Mwenye subira aweza kuzijaribu zote, moja baada ya moja, mpaka apate 3634. Wezi wa maneno ya siri hufanya vivyo hivyo: hawaigeuzi kanuni, bali huanza na maneno ambayo watu huyapenda.

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara ya Bell nchini Marekani, walichapisha uchunguzi wa maneno ya siri 3,289. Kati ya hayo, 2,831, yaani kiasi cha asilimia 86, yalikuwa mafupi mno au yalipatikana katika kamusi na orodha za majina. Wataalamu hao walieleza kinga mbili ambazo zinafuatwa hadi leo. Ya kwanza ni kuifanya hesabu ya chapa iwe ya polepole, ili kubahatisha kuchukue muda mrefu. Ya pili huitwa chumvi: kabla ya hesabu, kila neno huchanganywa na namba yake ya nasibu, hata watu wawili wenye neno moja wakawa na chapa mbili tofauti. Hata hivyo, chumvi haimwokoi mtu aliyechagua jina lake mwenyewe. Urefu ndio unaomsaidia zaidi; maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyounganishwa pamoja, ni magumu kubahatisha na mepesi kukumbuka.

Mlango wa pili

Kwa kuwa neno lililosahaulika halirudishwi, mwenye akaunti hana budi kuthibitisha kwa njia nyingine kwamba yeye ndiye mwenyewe, kisha atunge neno jipya. Njia hiyo ni mlango wa pili wa nyumba. Haifai kutia kufuli la chuma mlango wa mbele ikiwa wa nyuma umefungwa kwa kamba.

Kwa miaka mingi mlango huo ulikuwa maswali: mama yako alizaliwa na jina gani, chakula ukipendacho ni kipi. Mwaka 2008 akaunti ya barua pepe ya Sarah Palin, aliyekuwa mgombea wa umakamu wa rais wa Marekani, iliingiliwa na mtu aliyejibu maswali ya namna hiyo kwa habari zilizokwisha kujulikana na watu wote. Mwaka 2015 watafiti wa Google walieleza kwamba, kwa watumiaji wa Kiingereza, mtu angeweza kupatia chakula kipendwacho kwa jaribio moja tu karibu mara moja katika kila mara tano. Watafiti hao waliona pia kwamba wenye akaunti wengi walikuwa wameyasahau majibu yao wenyewe. Mlango huo uliwafungia wenyeji na kuwafungulia wageni.

Njia iliyoenea sasa ni kupeleka namba ya tarakimu sita kwa simu. Namba hizo ni 1,000,000. Ikiwa mfumo unaruhusu majaribio matano tu, mbahatishaji ana nafasi moja katika 200,000. Hesabu hiyo ni nzuri, lakini haisemi simu iko mikononi mwa nani. Namba ya simu isiyotumika kwa muda hupewa mteja mwingine. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza namba 259 zilizokuwa tayari kupewa wateja wapya nchini Marekani, wakakuta kwamba 171 zilikuwa bado zimeunganishwa na akaunti za watu katika tovuti mashuhuri. Aidha, wapo matapeli wasiohitaji laini ya mtu. Humpigia simu kwa sauti ya upole na kumwomba awasomee namba iliyoingia sasa hivi. Namba hiyo haipaswi kusomewa mtu yeyote, hata akidai kuwa ni mtumishi wa kampuni.

Maandalizi kabla ya kusahau

Jambo hili lawahusu wanafunzi wa sekondari hasa. Wengi wao hufungua akaunti ya barua pepe kwa simu ya jirani, ya mwenye duka la intaneti, au kwa laini ambayo baadaye hupotea. Miaka michache ikipita, majibu ya maombi ya chuo na ya mkopo hupelekwa katika akaunti hiyo hiyo. Mwanafunzi akisahau neno la siri wakati huo, mlango wake wa pili uko nyumbani kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo yafaa kila mwenye akaunti ahakikishe mambo matatu mapema. Kwanza, namba ya simu iliyoandikwa katika akaunti iwe yake au ya mzazi wake, na ibadilishwe siku ile ile laini inapobadilishwa. Pili, akaunti ya barua pepe iwe na neno lake la pekee, maana akaunti nyingine nyingi hufunguliwa kupitia hiyo. Tatu, pale ambapo mfumo unatoa namba za akiba za kurudishia akaunti, zinakiliwe katika karatasi na kutunzwa pamoja na vyeti vya shule. Karatasi iliyo sandukuni nyumbani haisomwi na mwizi aliye ng'ambo.