Ngozi Hupimwa Bila Sindano

Mwezi uliopita nilikuwa napita nyumba kwa nyumba katika zoni yetu. Mama mmoja alinificha mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Nilipomwona, ngozi ya mikono na miguu ilikuwa kavu, ina magamba na nyufa. Mama alikuwa akimsugua kila asubuhi kwa sabuni ya unga ya kufulia ili "uchafu" utoke. Nikamwambia twende zahanati. Akajibu, "Mwanangu, wakiona ngozi hii watamtoboa, watamtoa damu."

Ndugu wasomaji, wengi wetu tuna hofu hiyo. Ndiyo sababu ya makala haya.

Ngozi ni ukuta

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi, lakini linafanya kazi ya ukuta wa nyumba. Seli zilizokufa ni matofali, na mafuta ya ngozi ni udongo unaoyashikanisha. Ukuta huo huzuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Mafuta hayo yakioshwa na sabuni kali, matofali yanaachana.

Wataalamu wanavyopima

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Uswidi walitengeneza kifaa kama kibomba kifupi kilicho wazi. Kinawekwa juu ya ngozi na kupima mvuke wa maji unaotoka. Anayepimwa hutulia kwanza dakika 15 hadi 30 ili jasho lisiharibu kipimo. Kwenye mkono wa mtu mzima mwenye ngozi nzuri, maji yanayotoka ni kama gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba kwa saa. Yakizidi sana, ukuta umebomoka. Hakuna sindano wala damu.

Kwa kifaa hicho, madaktari wa Uswidi waliona kwamba njiti aliyezaliwa kwenye wiki ya 25 hupoteza maji kupitia ngozi karibu mara 15 kuliko mtoto aliyetimiza miezi. Maji yakitoka hivyo, yanaondoka na joto. Hii ni sababu mojawapo ya njiti kupoa haraka. Kwa hiyo muuguzi akikuambia umbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, mmefunikwa vizuri, usidharau.

Wewe pia unaweza kuangalia

Vifaa hivyo viko kwenye vyuo na hospitali kubwa. Sisi tutumie macho na mikono:

- Tazama kama kuna magamba, wekundu au nyufa.
- Pitisha kiganja. Je, ngozi inakwaruza?
- Mtoto analia maji yakimgusa? Huenda ngozi inamchonyota.
- Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, sekunde 3. Shimo likibaki kwenye zote mbili, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa utapiamlo mkali.

Mpeleke haraka pia akiwa na usaha, homa, ngozi inayobambuka, au akikataa kunyonya.

Nyumbani

Usimwogeshe mtoto kwa sabuni ya unga, dawa ya madoa wala petroli. Tumia sabuni laini kidogo, usisugue kwa nguvu, suuza vizuri. Mpake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Mtoto mchanga asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.

Yule mama alikubali tukaenda. Muuguzi alitazama ngozi, akaigusa, akabonyeza miguu. Hakumtoboa mtoto popote. Aliambiwa aache sabuni ya unga na ampake mafuta kila siku. Nilipomtembelea baada ya wiki mbili, nyufa zilikuwa zimefunga na mtoto alikuwa anacheza nje.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuzibe ufa mapema.