Maji na Mfereji

Leo tunataka kulijibu swali ambalo sisi wachungaji huulizwa mara kwa mara, pengine ofisini, pengine njiani baada ya ibada, na mara nyingi kwa machozi. Swali lenyewe ni hili: "Yule mhubiri aliyenileta kwa Bwana ameanguka dhambini. Yeye ndiye aliyenibatiza. Yeye ndiye aliyetufungisha ndoa. Je, mambo yale yote yalikuwa bure? Yanipasa nibatizwe tena?"

Anayeuliza hivyo ameumizwa, wala si haki kumnyamazisha kwa maneno mepesi. Tena wako wengine ambao hawaulizi kabisa. Wameacha tu kuja kanisani. Ukiwatembelea watakuambia kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Basi na tulitazame jambo hili kwa makini, maana ndani yake mna roho za watu.

Kwanza tufahamu kwamba swali hili si geni. Liliulizwa katika bara letu hili la Afrika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Mwaka 303 Kaisari Diocletian wa Roma aliamuru makanisa yabomolewe na vitabu vya Maandiko Matakatifu vichomwe moto. Katika Afrika ya kaskazini Wakristo wengine walikubali kufa kuliko kuvitoa vitabu hivyo. Wengine waliogopa, wakavitoa, na miongoni mwao walikuwamo hata maaskofu.

Mateso yalipokoma, watu hawakusahau ni nani aliyesimama na ni nani aliyeanguka. Yapata mwaka 311, mtu mmoja jina lake Caecilian aliwekwa kuwa askofu wa Carthage, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Wengi walimkataa. Walidai kwamba Felix, mmoja wa maaskofu waliomwekea mikono, alikuwa amewakabidhi adui Maandiko. Baadaye uchunguzi ulifanywa, na Felix akaonekana hana hatia. Lakini ufa ulikuwa umekwisha kuingia. Waliomkataa Caecilian walijichagulia askofu wao, na kwa jina la kiongozi wao aliyefuata, Donatus, wakaitwa Wadonati. Walifundisha kwamba mtumishi asiye safi hawezi kutoa kitu kilicho safi, na mtu akija kwao kutoka upande wa pili walimbatiza upya. Mafarakano hayo yakadumu. Mwaka 411, miaka 100 baadaye, maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili walikutana Carthage kulijadili jambo lile lile.

Aliyewajibu Wadonati kwa nguvu nyingi alikuwa Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, katika nchi ya Algeria. Katika majibu yake tunapenda kuyashika mawili.

La kwanza ni hili. Ikiwa ubatizo wangu unategemea usafi wa moyo wa aliyenibatiza, nitajuaje hata siku moja kwamba nimebatizwa? Ni nani auonaye moyo wa mwenziwe isipokuwa Mungu? Mhubiri tunayemsifu leo huenda ana jambo alilolificha ambalo litajulikana kesho, au lisijulikane kabisa mpaka siku ya mwisho. Aliyeliweka tumaini lake juu ya usafi wa mtu hatalala usingizi. Lakini ubatizo ni wa Kristo, na Neno ni la Kristo.

La pili ni mfano. Augustino alisema kwamba maji yanaweza kupita katika mfereji wa jiwe yakafika bustanini. Jiwe lenyewe halioti kitu, lakini bustani inazaa matunda tele.

Sisi wa Kenya mfano huu hautupi taabu. Kule bonde la Kerio, kwa vizazi vingi Wamarakwet wameyateremsha maji kutoka milimani kwa mifereji mirefu, iliyotengenezwa kwa mawe, magogo na udongo, hata yakafika kwenye mashamba ya mtama na wimbi huko chini. Mwenye shamba hauulizi mfereji kama ni mzuri wa kutazamwa. Anautazama mtama wake kama umepata maji. Anajua kwamba uhai wa shamba haukutoka katika mfereji. Ulitoka juu mlimani.

Neno la Mungu liko hivyo. Nabii Isaya, katika sura ya 55, analifananisha na mvua na theluji ambazo hushuka kutoka mbinguni na hazirudi mpaka zimeinywesha nchi na kuichipusha. Nguvu imo katika Neno kwa sababu Mungu mwenyewe amelituma.

Mtazameni Yona. Sisi tumezoea kumkumbuka kwa habari ya samaki, lakini ajabu iliyo kubwa zaidi ilitokea Ninawi. Huyu alikuwa mhubiri aliyekimbia wito wake, akarudishwa kwa nguvu, akahubiri bila kuwapenda watu aliowahubiria. Mahubiri yake, kwa lugha ya Kiebrania, ni maneno matano tu! Hata hivyo mji mzima, tangu mkubwa hata mdogo, ulifunga na kutubu, na mfalme akashuka katika kiti chake cha enzi akaketi majivuni. Na mhubiri je? Mhubiri alikwenda kuketi nje ya mji, upande wa mashariki, amekasirika kwa kuwa watu wameokoka, akausikitikia mtango ulionyauka kuliko roho za watu. Ninawi iliokoka kwa Neno ambalo mwenye kulihubiri hakulifurahia.

Hata Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 23, aliwaambia watu wayashike yale ambayo waandishi na Mafarisayo waliwafundisha katika sheria ya Musa, lakini wasiyaige matendo yao, kwa maana walisema na hawakutenda. Aliutenga ujumbe na mjumbe, wala hakumwachilia mjumbe bila lawama.

Hapa ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu, kwa sababu mafundisho haya yanaweza kugeuzwa kuwa blanketi la kufunikia uovu. Kuna mambo matatu ya kukumbuka.

Kwanza, sisi tunaohubiri tusijifariji kwa kuwa watu wanaokoka mikutanoni mwetu. Kumbukeni lile jiwe: maji yalipita juu yake na lenyewe likabaki kavu. Mtume Paulo aliogopa jambo hilo. Katika Wakorintho wa kwanza, sura ya 9, anasema kwamba aliutiisha mwili wake, asije akawahubiri wengine kisha yeye mwenyewe akakataliwa. Wingi wa watu si cheti cha utakatifu wa mhubiri.

Pili, kanisa lisiache kuwarudi watumishi wake. Katika zile Kanuni 39 za Imani ambazo kanisa la Kianglikana lilizipokea tangu mwaka 1571, kanuni ya 26 inafundisha kwamba uovu wa wahudumu hauondoi kazi ya Neno na sakramenti kwa mtu anayezipokea kwa imani. Wengi wetu tunaijua sehemu hiyo. Lakini kanuni yenyewe haiishii hapo. Inaendelea kusema kwamba wahudumu waovu wachunguzwe, washitakiwe na wanaoyajua makosa yao, na wakionekana wana hatia, waondolewe katika kazi. Mfereji ukibomoka, Wamarakwet hawasemi, "Maji ni mazuri, basi tuuache ulivyo." Wanaume huitwa, wakaenda kuutengeneza. Na ikiwa mtumishi ameiba, au amemdhulumu mtoto au mwanamke, hilo si jambo la kumalizwa kimya kimya ndani ya vestri. Ni jambo la sheria za nchi pia, na aliyeumizwa ndiye wa kwanza kusaidiwa.

Tatu, tulipime neno lenyewe. Tumesema kwamba Neno la Mungu lina nguvu hata likiletwa na mtu dhaifu. Hatukusema kwamba kila linalotoka mimbarani ni Neno la Mungu. Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, na bado waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Mhubiri akituuzia baraka kwa fedha, au akituzuia kumpeleka mgonjwa hospitali, maji hayo hayakutoka mlimani hata kidogo.

Je, mhubiri mwenye upungafu afanye nini? Uamsho wa Afrika Mashariki unatufundisha. Ulionekana kwa nguvu Gahini, katika Rwanda, miaka ya 1930, na mwaka 1937 wajumbe wake wakafika Kenya. Wengi wa ndugu hao hawakuwa na elimu kubwa. Lakini walisimama mbele ya watu wakazitaja dhambi zao wenyewe, wakarudisha vitu walivyoiba, wakapatana na waliowakosea. Hawakuwa wakamilifu hata baada ya hapo, maana miaka ya baadaye palitokea mafarakano kati yao. Hata hivyo walijua wamtazame nani. Waliyaelekeza macho ya watu msalabani, na watu wengi sana wakapata uzima.

Basi sasa turudi kwako, ndugu au dada uliyeuliza. Hapana, ubatizo wako haukuwa bure, wala hupaswi kubatizwa tena. Ulibatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na jina hilo halikuanguka. Ahadi za ndoa yenu mlizitoa mbele za Mungu, naye yupo. Kile kifungu cha Maandiko kilichokuchoma moyo siku ile kilikuwa cha kweli siku ile, na ni cha kweli leo. Una haki ya kulia kwa ajili ya mtu uliyemwamini. Mwombee atubu. Ikiwa alikukosea wewe, usibebe mzigo huo peke yako. Mwambie mtu mwaminifu mwenye uwezo wa kukusaidia. Lakini usikubali kufa kwa kiu kwa sababu mfereji umebomoka, wakati chemchemi ingali inabubujika. Ifungue Biblia yako. Rudi kwenye Meza ya Bwana. Aliyekuita ni Kristo, wala hajakuacha.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, unayelituma Neno lako kwa midomo ya wanadamu dhaifu, tunakushukuru kwa uzima tulioupata kwa njia hiyo. Uwaponye wote walioumizwa na watumishi wako. Uwatakase wanaohubiri, wasije wakawanywesha wengine nao wenyewe wakabaki wakavu. Na sisi sote utupe masikio ya kukusikia wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.