Mwigizaji, Mhusika na Zama: Istilahi za Tamthilia na Filamu za Uingereza

Miongoni mwa maneno yanayochanganywa mara kwa mara katika tafsiri za habari za sanaa ni mchezaji, mwigizaji na mhusika. Kosa hili hudhihirika zaidi zinapofasiriwa habari za filamu na tamthilia za Uingereza zinazoonyesha maisha ya zamani, kwani humo watu wa leo hujitia katika nafsi za watu waliokwisha kufa, na lugha isiyopambanua huwafanya wote kuwa kitu kimoja.

Mchezaji ni neno pana mno: humhusu mcheza mpira, mcheza ngoma na hata mcheza bao. Mwigizaji ni bora zaidi, maana hutaja kazi yenyewe. Mhusika ni jambo jingine kabisa. Yeye huishi ndani ya hadithi tu, hata kama jina lake ni la mtu aliyepata kuishi duniani. Tamthilia ya televisheni iitwayo The Crown, iliyoonyeshwa kati ya 2016 na 2023, yatosha kuwa ushahidi. Humo Malkia Elizabeth II ni mhusika mmoja, ilhali waigizaji wake wakuu ni watatu waliopokezana kwa kadiri ya umri wake: Claire Foy, Olivia Colman na Imelda Staunton. Kinyume chake, Helen Mirren ni mwigizaji mmoja aliyewabeba malkia wawili waliopishana kwa takriban karne nne: Elizabeth I katika tamthilia ya televisheni ya 2005, na Elizabeth II katika filamu The Queen ya 2006. Mfasiri atakayeandika kwamba "malkia huyo alipata tuzo ya Oscar" atakuwa amempa Malkia wa Uingereza tuzo ya Bibi Mirren.

Aidha, tumesoma mara nyingi kwamba fulani "alicheza sehemu ya mfalme". Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sehemu ni kipande, na msomaji ana haki ya kuuliza vipande vingine vilichezwa na nani. Twapendelea uhusika: Colin Firth aliigiza uhusika wa Mfalme George VI katika The King's Speech ya 2010. Wapo wanaosema "alimwigiza mfalme", lakini kumwigiza mtu husikika pia kama kumdhihaki, na filamu hiyo inamhusu mfalme mwenye kigugumizi.

Ama jina la aina yenyewe, "tamthilia ya kihistoria" halifai kila mahali. Firth huyo huyo aliigiza uhusika wa Bwana Darcy mwaka 1995, katika tamthilia ya BBC iliyotokana na riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, ya 1813. Darcy hakuwahi kuishi; kilicho cha kweli ni zama zake, yaani mavazi, majumba na adabu. "Ya kale" nayo yapita mpaka, maana Downton Abbey inaanzia mwaka 1912. Twapendekeza tamthilia ya zama, na "ya kihistoria" ibaki kwa zile zinazosimulia watu na matukio ya kweli.

Penye ugumu mkubwa ni vyeo vya watumishi. Katika The Remains of the Day ya 1993, Anthony Hopkins aliigiza uhusika wa Stevens, mkuu wa watumishi katika jumba la bwana mkubwa. Kumwita "boi" ni kuiporomosha hadithi yote. Neno hilo la kikoloni lilimfanya mtu mzima kuwa mtoto. Stevens ana watumishi chini yake, na fahari ya cheo chake ndiyo inayomzuia hata kutamka mapenzi yake. "Mnyapara" tumelikataa pia, kwani lanuka mashamba ya mkonge na jela. Mkuu wa watumishi ni refu, lakini halidanganyi.

Limebaki moja. Violet Crawley wa Downton Abbey, ambaye uhusika wake uliigizwa na Maggie Smith, aliyefariki mwaka 2024, ana cheo kinachomtofautisha na mke wa bwana aliyerithi. "Bi mkubwa" lavutia, lakini katika nyumba zetu huyo ni mke wa kwanza. Kwa sasa tunaandika "mjane wa bwana aliyetangulia", na wasomaji wenye neno fupi zaidi watuletee.