Kiwanja cha mteremko: Mfikirie bibi kabla ya kuchimba msingi

NYUMBA ya kisasa isiyo ya ghorofa huifaa familia yenye wazee kwa kuwa haina ngazi ndani. Lakini kwenye viwanja vya mteremko, kama vilima vya Mwanza, ngazi huhamia mlangoni, na bibi akiteleza anaweza kuvunjika nyonga.

Barabara ikiwa juu, mwambie fundi aweke mlango mkuu upande huo. Kimo cha sentimita 15 kinahitaji njia ya kiti cha magurudumu yenye urefu wa sentimita 180.

Chimba mfereji upande wa juu, maji ya mvua yasiloweshe kuta na kuleta ukungu unaochochea pumu. Shimo la choo liwe chini ya nyumba na kisima, kwenye mteremko. Msingi usikalie kifusi. Ufike udongo mgumu.