Hoho Nyekundu Tunazozitupa

Siku ya kuchuma hoho unaijua. Gari la mchuuzi linangoja barabarani. Matenga yanajazwa haraka. Mchuuzi anapita akichagua. Hoho ya kijani anaichukua. Hoho iliyoanza kuwa nyekundu anaitoa na kuitupa chini. Jioni mbuzi wanakuja kuzila.

Mimi ni bwana shamba katika milima ya Usambara, Wilaya ya Lushoto. Kwa miaka mingi niliwafundisha wakulima nafasi ya miche, mbolea na namna ya kupata bei nzuri. Kupika hoho sikumfundisha mtu. Nyumbani kwangu pia tulikuwa tunauza zote.

Mwaka 2016 mke wangu alikuwa mja mzito. Alichoka upesi na kupanda mlima kulimshinda. Kliniki wakampima damu. Kipimo kilisoma 9. Mama mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Muuguzi akampa vidonge vya kuongeza damu, kisha akanigeukia.

"Bwana Shamba, nyumbani mnakula nini?"

"Makande, maharage, mchicha, ugali," nikajibu.

"Mnakunywa nini pamoja na chakula?"

"Chai."

"Na hizo hoho zako?"

Nikanyamaza. Nilikuwa na shamba zima la hoho.

Muuguzi akanieleza hivi. Damu inahitaji madini ya chuma. Maharage na mchicha vina madini hayo, lakini mwili huyapata kwa shida. Ukila pamoja navyo kitu chenye vitamini C, mwili huyapokea kwa wingi zaidi. Chai hufanya kinyume chake. Chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo. Kwa hiyo kunywa chai saa moja kabla ya kula, au saa moja baadaye. Wakati wa kula kunywa maji.

Sasa tazama hoho. Gramu 100 za chungwa zina miligramu 50 hivi za vitamini C. Gramu 100 za hoho mbichi ya kijani zina miligramu 80 hivi. Hoho nyekundu ina zaidi ya miligramu 120. Ile tunayowatupia mbuzi ndiyo iliyo bora! Tena nyekundu ina vitamini A nyingi kuliko ya kijani, na vitamini hiyo inasaidia macho ya watoto.

Watu wengi hudhani hoho nyekundu ni mbegu nyingine, au kwamba imeharibika. Sivyo. Kwa mbegu tunazopanda wengi wetu, hoho ya kijani ni tunda lisiloiva. Likiachwa juu ya mche wiki chache zaidi, huiva na kuwa jekundu, kama nyanya. Mchuuzi anaikataa kwa sababu safari ni ndefu na tunda lililoiva hulainika njiani. Hilo ni jambo la biashara yake. Wewe huisafirishi popote, unaipeleka jikoni. Ibonyeze kwa kidole. Ikiwa ngumu na inang'aa, ni nzima. Ikiwa imelainika, inatoa maji au ina ukungu, itupe kwenye shimo la mboji.

Kuna mzee mmoja wa kijijini kwetu aliyekataa kabisa kuionja. Alisema, "Jina lake pilipili, na mimi tumbo langu bovu." Unguja wanaiita pilipili boga, na labda jina hilo lingemtuliza. Hoho haiwashi. Hata mtoto anayeanza kula chakula cha wakubwa anaweza kupewa, ikiwa imepikwa na kupondwa.

Huko Hungaria, katika miaka ya 1930, mtaalamu Albert Szent-Györgyi alikuwa akitafuta namna ya kupata vitamini C kwa wingi. Mwenyewe alisimulia kwamba jioni moja mkewe alimwandalia pilipili nyekundu za kwao, zisizo kali. Hakuwa na hamu ya kuzila. Akazipeleka maabara kuzipima, akakuta zimejaa vitamini hiyo. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobel.

Namna ya kupika ni muhimu, maana vitamini C huharibiwa na moto, na hupotelea kwenye maji. Usiichemshe hoho tangu mwanzo. Usimwage maji yake.

Kwa makande ya watu 6, chemsha mahindi na maharage mpaka yaive vizuri. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta. Tia nyanya mbili, zikorogeke. Mimina makande na chumvi. Yakishachemka pamoja, katakata hoho nyekundu tatu na uzitie juu. Funika dakika 3, kisha epua. Mafuta yale kidogo ni ya lazima, kwa sababu vitamini A haipokelewi vizuri na mwili bila mafuta.

Kachumbari ni rahisi zaidi. Katakata hoho, nyanya na kitunguu, kamulia ndimu, tia chumvi. Kula palepale na ugali na maharage. Hapo moto haujaharibu kitu.

Lakini sikiliza. Hoho si dawa. Upungufu wa damu huletwa pia na malaria na minyoo. Ukiona mtoto au mama mjamzito amepauka viganja na ndani ya kope, mpeleke zahanati. Akipewa vidonge, avimalize kama alivyoelekezwa. Mke wangu alivimaliza, na alijifungua salama.

Jambo jingine ni dawa za kuua wadudu. Sasa unajua kusoma. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Imeandikwa siku ngapi zipite baada ya kupulizia ndipo uvune. Kama ni siku 7, ngoja siku 7, hata kama mchuuzi amefika. Kisha osha hoho kwa maji safi kabla ya kukata.

Mimi sasa ninatenga miche minane karibu na nyumba. Hiyo sipulizii dawa kabla ya kumwuliza mama watoto. Matunda huachwa yaive. Mche ulioachiwa matunda kuiva hupunguza kuzaa, ndiyo maana nimetenga minane tu. Katika hoho hizo nyekundu napata mbegu pia, kwa kuwa mbegu za hoho ya kijani hazijakomaa. Nazianika kivulini juu ya karatasi. Kama mbegu yako ni chotara ya dukani, hiyo usiitunze. Miche yake haitafanana na mama yake.